Nesi wa Wodi Zote

Pale Kriva, mji mdogo ulioegemea mto Danube upande wa Bulgaria, watu walikuwa na utani wao: ukitaka kujua wodi gani ya hospitali itafungwa, tazama Nevyana Lazarova kahamishiwa wapi. Mwenyewe aliusikia utani huo dukani, kwenye foleni ya mkate, akacheka pamoja na wengine. Angefanya nini? Ulikuwa kweli tupu.

Alianzia kwa watoto. Siku hizo wodi ya watoto ilikuwa na kelele kama soko, na Nevyana alikuwa binti mwembamba mwenye sauti kubwa, anayeweza kumchoma sindano mtoto huku akimsimulia habari za korongo aliyejenga kiota juu ya bomba la moshi. Halafu vijana wa mji wakaanza kuondoka, mmoja baada ya mwingine, Uhispania, Ujerumani, Uingereza, na wanawake waliobaki walikuwa wamekwishapita umri wa kuzaa. Wodi ikapoa. Vitanda vidogo vikapakiwa kwenye lori, vikaenda kusikojulikana, na Nevyana akaambiwa keshokutwa aripoti wodi ya upasuaji.

Alimwendea metroni akilia. Metroni Paraskeva alikuwa mwanamke mnene, mvuta sigara, na hapo alikuwa amesimama dirishani akipeperusha moshi nje kwa mkono. Nevyana akamweleza kwamba yeye ni mtu wa watoto, hajui lolote la watu wazima waliopasuliwa, ataua mtu.

“Mtoto anapumua kwa kitu gani?” Paraskeva akamuuliza.

“Kwa mapafu.”

“Na mwanamume wa kilo mia?”

Nevyana akafuta machozi kwa kiganja.

“Haya, nenda zako. Na uso uoshe kwanza.”

Lakini yule mama hakumtupa. Wiki nzima alitembea naye kitanda hadi kitanda, akimfundisha upya yale ambayo Nevyana alidhani anayajua. Mgonjwa ni mgonjwa, alimwambia, awe kichanga, awe mzazi, awe mwendawazimu, awe mzee anayesubiri kaburi. Osha mikono, hata kama uliosha sasa hivi. Mtazame usoni kabla hujatazama karatasi yake. Sikiliza pumzi zake. Jua ameingiza nini na ametoa nini, kwa maana mwili ni kama mtungi, ukivuja lazima ujue. Mguse ngozi, ngozi haisemi uongo. Kabla hujampa dawa muulize jina lake, hata akiwa mama yako mzazi. Akisema anaumwa, mwamini. Akiogopa, keti. Mashine na majina ya maradhi, Paraskeva alisema, utayajua kwa muda mfupi. Haya mengine usipoyashika, hata ukae miaka thelathini utakuwa mbeba trei tu.

Nevyana alikuja kuyaamini siku alipolazwa mchinjaji mmoja. Alikuwa amepasuliwa tumbo asubuhi, na mchana alikuwa akipiga soga vizuri tu, ila anaomba maji, anaomba tena maji. Nevyana alipomgusa miguu aliikuta ya baridi hadi magotini, na macho yamezama kidogo. Uso ule aliujua. Ndio uso wa mtoto aliyeharisha hadi akakauka. Huyu hakuharisha, basi anavujia wapi? Alimkimbilia daktari Hinkov, naye Hinkov, ambaye hakuwa mtu wa maswali mengi, aliacha supu yake mezani akaja. Tumbo lilikuwa limejaa damu. Walimrudisha chumba cha upasuaji, akapona, akaendelea kuchinja nguruwe wa Krismasi kwa miaka mingi baadaye.

Tangu hapo Nevyana hakulia tena alipohamishwa. Upasuaji ulifungwa mpasuaji alipostaafu bila kupatikana mwingine; akaenda wodi ya magonjwa ya ndani. Wodi ya wagonjwa wa akili ilipobaki bila nesi, akaenda huko pia, akakuta kwamba mtu anayezungumza na ukuta naye anakunywa maji kidogo mno, naye ana maumivu ambayo hakuna anayemuuliza. Mwishowe wodi zote zilizobaki zikaunganishwa kuwa moja, ghorofa ya chini, na Nevyana akawa ndiye mkongwe wa pale. Paraskeva alikuwa amekwishazikwa. Wanaoanza kazi wote walipitia mikononi mwa Nevyana. Aliwafundisha, wakakolea, wakaondoka. Kila mmoja alimletea keki ya kuaga.

Katika hao wote, aliyempenda ni Ivelina.

Ivelina aliletwa kutoka chuoni akiwa mwoga wa harufu. Mara ya kwanza kusafisha kidonda alikwenda kutapikia kwenye beseni la mopu. Nevyana alimshika nywele. Yeye na mumewe, Kamen, hawakujaliwa mtoto, na kwa miaka kadhaa yule msichana alikula kwao Jumapili karibu zote. Kamen alikuwa fundi wa milango ya mfereji inayopitisha mashua mtoni, mtu mkimya, mrefu, asiyejua kuomba kitu. Ukimpa chai isiyo na sukari ataimaliza bila kusema. Lakini Ivelina akija alikuwa mwingine. Alimtania kwamba ana mikono ya kukamua mbuzi, na Ivelina alimjibu kwamba siku moja mikono hiyohiyo itamgeuza yeye kitandani akiwa kizee asiye na meno. Walicheka, Nevyana akiwa jikoni akiwasikia.

Baadaye Ivelina aliolewa, akahamia mji mkuu wa mkoa, akaajiriwa kwenye hospitali kubwa ya huko. Nevyana hakumlaumu. Angalau huyu hakuvuka mpaka.

Kamen alianguka mwanzoni mwa vuli, wakati mji mzima unanuka pilipili za kuchoma. Alikuwa juu ya ngazi akipukutisha kokwa za jozi mtini kwa fimbo ndefu. Nevyana alimkuta amekaa chini ya mti, mguu umegeukia nje, akimwambia kwa aibu kwamba ati amejikwaa. Alipouona mguu ulivyolala alijua ni nyonga. Kriva hapakuwa na mpasuaji tena, kwa hiyo gari la wagonjwa likampeleka mkoani.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Ivelina ndiye aliyempigia simu kumwambia hivyo, kwani kwa bahati Kamen alilazwa kwenye ghorofa yake. “Usijali, mama,” alisema. Na Nevyana hakujali, au alijali kidogo tu. Alitaka ruhusa aende akakae naye, lakini wodini kwake walibaki manesi watatu. Mmoja alikuwa amevunjika mkono na wa pili alikuwa amekwenda Italia kwa dada yake, na kila mtu alijua harudi. Daktari Hinkov, ambaye kwa umri wake angekuwa nyumbani analisha kuku, alimtazama kwa macho mekundu ya uchovu akamwambia kwamba hawezi kumzuia, ila akiondoka itabidi wafunge mlango. Nevyana akabaki. Alimwambia Kamen kwenye simu kwamba atakuja Jumapili. Kamen akajibu kwamba hapana shida, yeye yuko sawa.

Jumapili alipanda basi la alfajiri na birika la supu ya kuku mapajani.

Harufu aliipata kabla hajafika kitandani. Kwa miaka aliyofanya kazi hiyo hakuhitaji kuuliza ni ya nini. Chumba kilikuwa na wanaume sita. Kamen alikuwa karibu na dirisha, amelala chali, midomo imepasuka, glasi ya maji imejaa juu ya meza ambayo mkono wake haukuifikia. Alimwita Nevyana kwa jina la dada yake aliyekufa, akamuuliza kama mashua zimepita. Nevyana alinawa mikono. Alimgeuza taratibu, akainua shati. Juu ya matako, pale mfupa unapokutana na godoro, palikuwa na kidonda kinachoingia ngumi, kingo zake nyeusi. Visigino navyo vilikuwa na weusi. Mwili ulikuwa wa moto, na mapigo ya moyo yalikuwa mepesi kama ya ndege.

Alimfunika. Akatoka nje kwenye ukumbi, na hapo Ivelina alikuwa akija na trei ya dawa, amekonda, nywele zimebanwa ovyo. Akamwona Nevyana, uso ukang'aa, halafu ukazimika.

“Mama...”

“Usiniite mama. Nilikufundisha nini mimi?”

Watu walikuwa ukumbini, wengine wamekaa kwenye viti vya magurudumu, wengine wameegemea ukuta. Wote wakageuka. Ivelina aliweka trei kwenye kizingiti cha dirisha. Alipojibu alijibu kama mwanafunzi anayetahiniwa, bila kupandisha sauti.

“Ageuzwe kila saa mbili. Kisigino kisiguse godoro. Maji yawe mkononi mwake. Akianza kuchanganyikiwa, nitafute homa, nitafute mkojo, nitafute kidonda. Yote nayajua. Sijasahau hata moja. Leo niko peke yangu na ghorofa nzima, na jana hivyohivyo, na juzi. Basi wewe niambie. Nimwache nani?”

Nevyana alikuwa na majibu ya maswali yote ya kazi ile. La hili lilimtoka kabla hajalipima.

“Yeyote. Ungemwacha yeyote, si yeye.”

Mama mmoja mzee aliyeshika ukuta, mguu kwenye bandeji, akauliza kwa upole kabisa: “Na sisi je, sista?”

Nevyana alirudi chumbani, akavua koti, akakunja mikono ya blauzi. Alimnywesha Kamen maji kwa kijiko. Alisafisha kidonda, akatafuta mito, akamlaza ubavu. Alimwita daktari wa zamu, kijana mstaarabu mwenye tai, naye alipokiona kidonda hakujitetea kwa lolote. Alibadilisha dawa, akachukua damu ya kupima, akasema pole. Nevyana angependelea agombane naye.

Alikusudia kukaa pembeni ya mumewe tu. Lakini masikio yake hayakujua mgonjwa huyu ni wa nani. Kitanda cha jirani alilala mzee Geno, mfuga nyuki wa kijiji cha karibu na Kriva, na pumzi zake zilikuwa na sauti ya maji yanayochemka kwenye sufuria ndogo. Nevyana alijizuia. Akamlisha Kamen kijiko cha supu, akajizuia tena. Mwishowe akainuka, akamketisha yule mzee, akamteremshia miguu, akamkuta amevimba hadi mapajani na midomo ina ubuluu. Akapaza sauti ukumbini kuita oksijeni. Ivelina alikuja mbio na mtungi, na daktari nyuma yake na sindano ya kutoa maji mwilini. Mzee Geno alikojoa lita kadhaa mchana ule na kufikia jioni aliomba mkate.

Baada ya hapo wengine nao wakaanza kumwita. Sista, njoo. Sista, mara moja tu. Nevyana hakujua namna ya kutoitika. Yeye na Ivelina walifanya kazi hadi jua linateremka, hawasemezani, lakini walipomnyanyua mtu walimnyanyua kwa pumzi moja, kama zamani, huyu akijua mkono wa mwenzake utakuwa wapi.

Basi la mwisho lilikuwa karibu kuondoka alipovaa koti lake. Homa ilikuwa imeshuka kidogo na Kamen alimjua.

“Kaa,” alimwambia.

“Kesho nina zamu, Kamen. Hakuna mwingine.”

“Siku zote hakuna mwingine.” Hakusema kwa hasira. Alikuwa akitazama dari. “Kaa hata kesho tu, Neve.”

Katika ndoa yao yote hakuwahi kumwomba kitu mara mbili. Nevyana alisimama na begi mkononi. Aliwaona akilini wale wa Kriva: bibi mwenye kisukari, yule mgonjwa wa akili anayekula tu akilishwa na yeye, na daktari Hinkov akifunga mlango. Akambusu kwenye paji la uso, akamwambia atarudi Alhamisi. Ngazini Ivelina aliapa kwamba atamgeuza mwenyewe, hata iweje. Nevyana alipita bila kumtazama.

Na Ivelina alimgeuza. Wagonjwa wengine chumbani walisema baadaye kwamba alikuja kila mara, hata baada ya zamu yake kwisha. Ila sumu ilikuwa imekwishaingia kwenye damu. Kamen alikufa Jumatano, kabla ya adhuhuri. Nevyana wakati huo alikuwa akimwogesha yule bibi mwenye kisukari. Daktari Hinkov alikuja mwenyewe kumwambia, akasimama mlangoni amevua miwani, na Nevyana alijua kabla hajafungua mdomo. Hakuuacha mkono wa bibi. Alimsuuza, akamfuta katikati ya vidole vya miguu, mahali ambapo wenye kisukari huoza wasipofutwa, akamvika soksi. Ndipo akaketi sakafuni.

Walimzika Kamen Ijumaa, wakabandika tangazo lenye picha yake kwenye lango, kama ifanywavyo kwa kila maiti. Ivelina alikuja makaburini, akasimama mwisho wa watu. Ngano iliyochemshwa ya marehemu hakuna anayenyimwa, hata adui. Nevyana alimpelekea kikombe chake, Ivelina akapokea kwa mikono miwili akisema Mungu amsamehe marehemu. Nevyana akaitikia hivyohivyo, akapita kwa mwingine.

Majuma machache baadaye lango liligongwa. Alikuwa mzee Geno, amesimama wima, mashavu mekundu, na mwanawe na mkwewe nyuma yake na ndoo ya asali. Walikuwa wamemtafuta mji mzima. Mzee aliinama akambusu mkono. Alisema kwamba yeye ni mtu mzima, hana la kumlipa, lakini kila asubuhi akiamka anamtaja.

“Mume wangu alikuwa kitanda cha jirani na chako,” Nevyana alisema.

“Najua, binti yangu. Alikuwa mtu mwema. Hakutusumbua hata siku moja.”

Aliwakaribisha kahawa kwa sababu ndio desturi. Walipoondoka aliibeba ile ndoo akampa jirani, akamwambia kwamba asali inampa kiungulia. Alimchukia mzee Geno. Alijua hana kosa, alijua pia kwamba angempuuza asingeweza kuishi na nafsi yake, na bado alimchukia, kwa pumzi zake safi na hatua zake imara. Akimwona sokoni alizunguka upande wa pili. Chuki hiyo haikupungua na mwaka kupita, na kwa kuwa hakuwa na wa kumwambia, ilikaa.

Ivelina aliondoka majira ya baridi. Alikuja kuaga kabla ya kwenda Ujerumani. Nevyana alimwona kupitia pazia, amesimama kwenye theluji na kofia ya sufu, akigonga, akingoja, akigonga tena. Jiko lilikuwa linawaka na taa imewashwa, hivyo Ivelina alijua yumo. Baadaye habari zilifika kwamba huko anatunza wazee, wachache kwa kila nesi, na kwamba mabosi wake wanamsifu: ngozi za wagonjwa wake hazina hata alama. Nevyana aliposikia alisema tu, “Alifundishwa vizuri,” na wenzake hawakujua kama anajisifu au anatukana.

Masika yalipofika hospitali ilipata mwanafunzi mmoja. Aliitwa Gulten, mwanamke wa miaka arobaini na ushei kutoka kijiji cha walima tumbaku, aliyekuwa karani wa duka hadi duka lilipofungwa. Alikuwa na bidii na maswali, na alicheka haraka. Nevyana alimfundisha yote, hakumficha kitu: mikono, uso, pumzi, maji yaingiayo na yatokayo, ngozi, jina kabla ya dawa. Aliyasema vizuri kama alivyoyasema siku zote, ila zamani alikuwa akimshika mwanafunzi bega, na sasa hakumshika.

Siku moja walikuwa wakibadilisha shuka za mzee mmoja aliyepooza, Gulten akasita.

“Dada Nevyana, nikuulize? Na siku nikiwa peke yangu, na wote hawa?”

“Utachagua.”

“Nitachaguaje?”

“Asiyepumua vizuri kwanza. Halafu anayetoka damu. Halafu aliyechanganyikiwa, maana anaweza kuanguka. Halafu wanaopiga kelele, kwa sababu hutaweza kuzivumilia.”

Gulten alikuwa akihesabu kwa vidole. “Na wa mwisho?”

“Wa mwisho ni mtu mpole,” Nevyana alisema. “Shika huko, chini ya bega. Usimvute kwa kwapa, utamtegua.”

Gulten akashika. Walimgeuza yule mzee ubavu, Nevyana akaliinua shati lake, akainama kutazama.